Kuhusu Ile Mikisa Niliyoicheka

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mke wako hajambo? Na yule binti yenu wa mwisho, je, kile kikohozi kimemtoka? Sisi huku ni wazima wa kula na kugombana, tunashukuru. Mgongo wangu ndio unaolalamika kidogo, ila huo unaujua tangu tulipokuwa tukibeba spika pamoja. Barua yako niliipata nikaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana shemeji yako alikuwa anakata vitunguu na hakutaka kupitwa.

Uliniuliza kama nimeshapata mikisa mpya ya kuchanganyia sauti. Ile yetu ya zamani imechoka kabisa: chaneli tano zimekufa, ya sita inakwaruza, na kuibeba ni kama kubeba meza ya kulia. Siku hizi kazi zangu ni ndogondogo: kumuaga mstaafu, mkutano wa wapangaji, mahafali ya watu thelathini. Maiki nne, zikizidi tano. Nilitaka kitu kidogo cha kufungwa kwenye kabati la chuma pamoja na ampli ya kukuza sauti, nifike, nichomeke waya, nianze kazi.

Basi nilikwenda kwa yule muuza vyombo tunayemwita Profesa, akaniwekea mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ina vitufe vya kuzungusha, kila chaneli na safu yake, kama tulivyozoea. Ya pili haina kitufe hata kimoja. Boksi jeusi lenye matundu ya waya, basi. Kila kitu unakiendeshea kwenye kishikwambi. Ndiyo hiyo hiyo uliyonishauri wewe. Na unakumbuka nilivyokujibu: kwamba mimi sifanyi kazi kwa kupapasa kioo, kwamba fundi ni masikio, na kwamba tangu uhame umekuwa mtu wa vidude. Profesa naye nilimpa hayo hayo. Nilikuwa na maneno siku ile!

Leo nalamba matapishi yangu, na nitakueleza kwa nini, ila usimwambie dada yetu mpaka nimwambie mwenyewe. Unamjua, atafunga safari kesho yake.

Ilitokea kwenye ukumbi wa hospitali, tunamuaga muuguzi mkuu, na mikisa ni ile ya zamani. Mama wa watu kashika maiki, anashukuru mmoja mmoja huku anatembea, akasogea mpaka mbele ya spika. Mimi nimekaa mezani kwangu, nimetulia. Nikaona watu wanaziba masikio. Mmoja, wawili, ukumbi mzima, mtoto mmoja analia. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri wamechoshwa na hotuba. Haki ya Mungu nilicheka! Nikasema moyoni, leo mmepatikana.

Mara shemeji yako huyo, mbio kutoka nyuma ya ukumbi, anaruka viti, akaishusha sauti yote kwa mkono wake. Kumbe maiki ilikuwa inapiga filimbi, ile filimbi ya kutoboa fuvu. Akaniuliza, "Baba, husikii?" Nikamjibu, "Nasikia." Mbele ya watu wote.

Tulipofika nyumbani akavua viatu, akaniambia tu, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Amejua siku nyingi. Birika letu la kupiga filimbi lilikuwa likichemka, mimi nimekaa kando yake na gazeti, mpaka maji yanakauka, na yeye ananitazama tu.

Nikaenda kwa daktari wa masikio, binti mpole. Akanifungia kwenye chumba kidogo cha kimya, nikavaa vile vya masikioni, kitufe mkononi: ukisikia mlio, bonyeza. Ile minene niliisikia, nikabonyeza kama mwanafunzi hodari. Kisha kimya. Nikangoja aendelee. Nikangoja mpaka nikaanza kusoma maandishi ya ukutani. Akafungua mlango, akasema, "Tumemaliza, baba." Sauti nyembamba zimeniondoka, masikio yote mawili, na hazirudi. Ni miaka ya kukaa karibu na spika, amesema. Niliogopa, sikufichi. Ufundi wangu ni masikio. Wateja wakijua hayasikii, nimebaki na nini?

Wazo la kwanza lilikuwa baya. Nichukue ile ya vitufe, mkono wangu unaijua, sauti nyembamba niwe nazikisia, ninyamaze. Nani atajua? Wiki nzima nilitembea na mpango huo.

Profesa ndiye aliyeuvuruga, bila kujua. Aliniazima ile ya pili niijaribu kabla sijaamua. Nikaipima kwenye kabati: inaingia, na matundu yake yako mbele, kwa hiyo mlango wa nyuma unafungika. Ile ya vitufe waya zake zinatokea nyuma, mlango ungebaki wazi kama mdomo wa mlevi. Ubaya wa hii ya kioo ni mawasiliano. Kishikwambi kikipoteza mtandao, umebaki unatazama taa. Profesa akanionyesha namna ya kukiunganisha kwa waya. Shemeji yako naye ametoa sharti: kishikwambi cha akiba kisitoke begini.

Nikaipeleka kwenye mahafali ya darasa la ushonaji. Kwenye kioo sauti inachorwa kwa nguzo za rangi, nene kushoto, nyembamba kulia, zinapanda na kushuka. Mwalimu aliposogelea spika, nikaona nguzo moja ya kulia inakua peke yake, inapanda haina haya. Nikaishusha kwa kidole. Hakuna aliyeziba sikio. Mdogo wangu, nilitaka kusimama nijipigie makofi.

Kisha wakamwita Mama yetu aseme neno, maana ndiye aliyelianzisha darasa lile. Akashika maiki, akasalimia. Zile nguzo za kulia zikaanza kucheza. Nyingi, fupifupi, zinarukaruka kwa kila neno. Nikamtazama Mama, nikarudisha macho kwenye kioo. Upande ule wote mimi sikuwa nasikia kitu. Maneno yake nayaelewa, na siku zote nilidhani namsikia mzima. Kumbe nimekuwa nikisikia nusu ya sauti ya mama yangu, na ile nusu nyingine hata sikuiaga. Machozi yalinitoka pale pale mezani.

Nilimweleza Mama tulipokuwa tukikunja waya. Unajua alichonijibu? "Kwani wewe tangu lini ulikuwa unanisikia?" Tukacheka mpaka akashika kiti.

Basi nimechukua ile ya kioo. Na nimeamua kutoificha hali yangu: kila anayeniita namwambia mapema kwamba sauti nyembamba naziangalia, sizisikii. Mmoja ameshakwenda kwa fundi mwingine, sikumlaumu. Lakini fundi bomba wa mtaa wa pili, anayemwoza binti yake, amesema heri anayetazama kuliko wale wanaosikia wakanyamaza. Kazi hiyo ni Jumamosi ijayo, uniombee.

Msalimie sana mke wako na watoto wote. Shemeji yako anakusalimu, anasema uache kumsifu mbele yangu. Profesa pia anakusalimu. Anasema ulikuwa na haki, na mimi nimekubali.

Mama anakusalimu kuliko wote. Siku hizi akizungumza nami anakaza sauti iwe nene, anamwigiza marehemu Baba, nami namsikia vizuri, na nyumba nzima inacheka. Ila si sauti yake. Ile yake sasa mnaisikia ninyi. Kwa hiyo akikupigia simu, hata kama uko kazini, hata kama anarudia ya jana, usimkatize. Mwache aseme mpaka achoke, unisikilizie na mimi.

Mungu akulinde, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi kaka yako, nisiyechoka kukupenda.