Waliopokea Simu Mchana

Jumapili, baada ya uchaguzi

Mwanangu,

Basi kura zimepigwa, na jina la mama yako mdogo halikuwemo. U mzima lakini? Mimi ni goti tu, na kuku wetu kahamia kutagia kwenye beseni la nguo. Anayeniandikia ni mwenye duka la dawa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Siku redio ilipotangaza utafiti wa kampuni yenu, kwamba diwani aliyepo anamwacha mbali, mdogo wangu alisimamisha cherehani. Akasema, "Dada, angesema mwingine ningebisha. Hii ni kazi ya mtoto niliyemlea." Kesho yake akaenda kujitoa. Vitambaa vya kampeni kavigeuza foronya.

Sasa wanawake wa bombani wananieleza. Watu wenu waliwapigia simu mchana, wakawaita kwa majina, wakauliza watamchagua nani. Nani asiyejua funguo za bomba anazo diwani? Walidhani anawapima, wote wakamtaja yeye. Kura wangempa fundi wao. Hivi nyie hamkulijua hilo?

Mama yako

Jumatano

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mimi mwili mzima.

Tulijua. Kila niliyempigia alijibu kama anaongea na mkubwa. Nilimwambia bosi majibu haya ni ya woga. Akasema yatangazwe hivyo hivyo, aliyeagiza utafiti ni diwani mwenyewe.

Hiyo ilikuwa kabla mama mdogo hajajitoa. Nilishika simu nimwambie, nikaogopea kazi. Hili la mwisho asilisikie, nakuomba.

Binti yako

Jumamosi

Binti yangu,

Salamu zimefika, goti linakusalimu. Mdogo wangu alikuwepo barua ikisomwa, anatia uzi kwenye sindano. Huyu wa dawa kufika pale pa mwisho akakohoa, akaruka, akaja kunisomea baadaye peke yangu. Mdogo wangu akauliza tu, "Hapo alipokohoa pana nini?" Nikaanza habari za kuku. Tangu hapo hajala kwangu.

Ulipokuwa mdogo ukiumwa, alikuwa anashona wewe uko mgongoni, sijui kama unakumbuka. Na diwani kashaanza kufunga bomba mapema. Nilitaka nikuambie usije kwanza, au uje, hata sijui...

Huyo anaita mlangoni. "Dada, toka, nina swali." Nikimficha na mimi, atabaki na nani? Acha hapo, mwandishi. Naenda.

Mama yako