Kipanga Asiyegeuka

Dada Edina,

Wewe na watoto hamjambo huko? Mimi mzima, ila kutulia sijatulia. Niko kwa mama mkwe huku Kasulu, na juu ya mkaratusi nyuma ya jiko kuna kipanga anayenitesa. Mdogo, wa kijivu, kifua kina mistari, yaani mmoja wa wale wawili unaosema watu huwachanganya kila siku. Ulinifundisha nitazame mgongoni: mwenye madoa meupe mkiani huwinda ndege wadogo, asiye nayo hula mijusi, na vifaranga akiwapata. Sasa huyu kutwa nzima kanielekezea kifua tu! Nimezunguka mti, nimepanda matuta ya mihogo, nimeacha ugali ukapoa.

"Kaa chini ule," mama mkwe akasema. Nikakaa, nikasimama tena.

Jana manyunyu yalipokatika, akageuka. Mkia mtupu, wa kijivu! Nikaruka nikipiga kelele, "Hana madoa! Hana madoa!" Kumbe ameshuka uani, anaondoka na kifaranga wa mama.

Mama akanitazama, mwiko mkononi. "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha chao, "umefurahi?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Leo nimekabidhiwa debe na kijiti, nilinde waliobaki. Nakuandikia kwa mkono mmoja, mwingine unagonga. Nimekukumbuka mno, dada, wewe ungemjua kwa kumtupia jicho mara moja. Wapakate watoto kwa niaba yangu. Na ukiona mwandiko umeruka hapa chini, ujue amerudi.

Mdogo wako,
Tabu