Bwana Balbir wa Bima Hakujiita Daktari

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Nakuru, tarehe 4 Juni 1956
Jina: Hadiya binti Dualeh
Umri: kama miaka arobaini na sita
Kazi: mwenye hoteli ya chai
Makao: Olenguruone, sokoni

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sajini Kipkemboi ameniambia niseme niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, nami nitasema hayo tu.

Mnamo tarehe 22 Mei 1956, asubuhi, nilikuwa hotelini kwangu. Binti yangu Samsam alikuwa chumba cha nyuma, uchungu umemshika tangu alfajiri. Alikuwa na mkunga wetu, Mama Cheptanui, ambaye amezalisha wanawake wengi pale kwetu. Gelle, mume wa Samsam, alikuwa amekwenda Narok kununua ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

Kama saa tatu aliingia Bwana Shabir, ambaye kinu chake cha posho kiliungua mwezi wa nne. Alikuwa na Kalasinga mmoja mgeni, na Dalmas, dereva wa huyo mgeni. Shabir aliniambia huyo ni Bwana Balbir Singh, mkubwa wa kampuni ya bima hapa Nakuru, amekuja kukagua kinu. Niliwapa chai.

Shabir alimtania, "Nyinyi wakubwa wa bima mnasomea wapi kazi hii ya kuchungulia majivu?"

Bwana Balbir alicheka. Alisema, "Hakuna anayeanzia huku. Mkubwa wetu wa Nairobi alikuwa mwalimu wa hesabu. Wa Kisumu alikuwa wakili. Wa Mombasa alikuwa karani wa forodha. Mimi nilisomea udaktari Lahore. Vita vikaja, nikapelekwa Burma kufunga watu vidonda. Niliporudi nchi ikagawanywa, tukakimbia. Sikumaliza."

Shabir akasema hiyo ni hasara. Yeye akajibu kwamba vitani aliona wajane wengi kuliko alivyoona wagonjwa waliopona, na bima angalau humfikia mjane. Wakamaliza chai, wakaenda kwenye kinu. Mimi nilikuwa nikimimina maziwa. Neno udaktari nililisikia, na neno sikumaliza nililisikia pia. Naomba hilo liandikwe.

Karibu saa sita mtoto alizaliwa, msichana, akalia vizuri. Lakini kondo la nyuma halikutoka, na damu haikukoma. Ilipita godoro ikafika sakafuni. Mama Cheptanui alifanya yote anayoyajua. Kisha aliniambia kwa sauti ndogo, "Hadiya, mimi nimefika mwisho. Tafuta gari."

Nilikimbia bila viatu hadi kwenye kinu. Bwana Balbir alikuwa anapima ukuta. Nilimwambia, "Daktari, njoo, binti yangu anakufa."

Alisema, "Mama, mimi si daktari. Mimi ni mtu wa bima. Lakini gari ninayo. Tumpeleke hospitali Molo sasa hivi."

Tulimlaza Samsam kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Mama Cheptanui alikaa mbele na mtoto, pamoja na Bwana Balbir. Dalmas aliendesha vile barabara ilivyoruhusu. Tulipofika mtoni daraja halikuwapo. Asubuhi Bwana Balbir na Dalmas walikuwa wamelivuka. Sasa kulikuwa na maji mekundu tu, na magogo yakipita.

Nilishuka garini, nikamshika Bwana Balbir miguu hapo kwenye matope. Nilimwambia alisomea, nimemsikia mwenyewe, afanye alichosomea. Alijaribu kuniinua. Alisema, "Sikumaliza, Mama. Sina ruhusa. Nikimgusa akafa, nitafungwa."

Nikamwambia, "Na usipomgusa?"

Alivua koti. Aliniuliza mbele ya Dalmas na Mama Cheptanui, "Unaelewa kwamba mimi si daktari?" Nilisema naelewa. "Unaniruhusu?" Nilisema namruhusu. Alinawa kwa sabuni ya Mama Cheptanui na maji ya moto yaliyokuwa kwenye chupa ya chai ya mle garini, akanawa tena.

Alilitoa kondo kwa mkono. Samsam alilia, na mimi nilimshika mabega. Alifanya kwa heshima, uso ameugeuzia kando. Damu ilipungua. Samsam alifungua macho akaniuliza kama mtoto ana nywele. Nilimwambia anazo, nyingi. Mama Cheptanui akamwinua mtoto amwone.

Kisha damu ilirudi. Bwana Balbir alikunja ngumi akaikandamiza juu ya tumbo la Samsam, akaegemea kwa uzito wake wote. Alisema damu ikizuiliwa mpaka maji yapungue, tutavuka. Alibaki hivyo, nusu yake ndani ya gari, nusu nje kwenye mvua. Dalmas alikuwa akienda mtoni na kurudi. Kila akirudi alitikisa kichwa. Nilisoma kila dua ninayoijua, na zilipokwisha nilianza upya.

Alasiri Samsam aliacha kunibana vidole. Mimi nilijua. Mama Cheptanui naye alijua, akasema, "Bwana, toa mkono." Hakutoa. Akaambiwa tena, hakutoa. Niliuondoa mkono wake mimi mwenyewe.

Gelle alirudi baada ya mazishi. Simlaumu kwa uchungu wake, alimpenda mke wake. Lakini ameleta mashtaka hapa kwamba Bwana Balbir hujiita daktari ili watu wamwamini wakate bima, na kwamba ndivyo alivyonidanganya akamuua Samsam. Dalmas amenipasha habari kwamba kampuni imemsimamisha kazi Bwana Balbir. Gelle hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Yule mtu alinikatalia mara mbili, na mara ya tatu akaniuliza kama naelewa.

Jana Gelle alikuja ninapolala hapa mjini. Alisema, "Mama, sema tu alijiita daktari. Ukisema hivyo mtoto atakaa kwako. Ukikataa, nampeleka kwa dada yangu Isiolo, na hutamwona." Nilimwomba sana. Nilimwambia mtoto huyu ndiye pekee niliyebaki naye. Alisema chaguo ni langu.

Sasa hivi yuko kwenye benchi hapo nje na mtoto. Ninamsikia mtoto akilia, na chupa ya maziwa ninayo mimi.

Bwana Balbir hakujiita daktari. Mimi ndiye niliyemwita. Sina neno lingine, na haya nimeyasema kwa hiari yangu.

Alama ya kidole gumba cha kulia: Hadiya binti Dualeh

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili akakubali ni sahihi. Mlalamishi, aliyekuwa nje, alimwuliza shahidi mlangoni amesema nini, naye akamwambia. Mlalamishi aliondoka na mtoto kuelekea stendi ya mabasi. Shahidi aliomba askari wamzuie. Nilimweleza kwamba mtoto ni wa baba yake na polisi hatuna amri juu ya hilo. Alikaa sakafuni kwa muda. Kwa kuwa alikuwa katika hali ile, nilimwuliza kama anataka kubadilisha neno lolote katika maelezo yake kabla sijayapeleka. Alisema hapana.
Sajini Kipkemboi