Papa, Karte ya Mjomba Ilikuwa Sandukuni Mwako

Papa,

Sikuulizi kama umelala salama huko kaburini. Sitaki ulale salama.

Wiki jana walikuja watu wa ofisi ya komini, wakaketi kwenye viti vyetu vya plastiki na kukusifu mpaka chai ikapoa. Wanataka avenue inayoshuka sokoni Kikula iitwe jina lako. "Bila Koloneli, waporaji wangetumaliza," walisema. Na ni kweli. Ulisimama barabarani na bunduki yako, na hakuna duka hata moja lililovunjwa. Shuleni nilijivuna kwa ajili yako hadi wenzangu wakanichoka. Watoto wa Kamatanda, kule machimboni, walipotema mate wakisikia jina lako, niliwarukia kwa ngumi.

Wageni wakaomba picha yako na hati zako. Mama akanipa ufunguo wa kantini, lile sanduku la chuma la jeshi ulilotukataza kuligusa.

Chini ya magwanda nikakuta ripoti. Sahihi ni yako, ile ile yenye mkia mrefu uliyokuwa unaitia kwenye karatasi zangu za shule. Inasema askari wako waliwapiga risasi wachimbaji kule Kamatanda kwa amri yako, wakawafukia humo humo shimoni. Ripoti imebanwa pamoja na karte ya uchaguzi. Kwenye karte kuna picha ya Mjomba Kabwe, kaka yake Mama wa tumbo moja.

Yangu mama! Kabwe, Papa! Yule mliyejenga naye ukuta wa jiko hili, weye ukikoroga simenti na suruali ya jeshi, yeye akikucheka: "Shemeji, jeshi haikukufundisha kitu!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nakumbuka vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nawaletea maji.

Alipopotea, Mama alitaka kufanya kilio, aite watu, atoe godoro nje, aketi chini na wanawake wenzake. Ukamkatalia. "Mama Nadine, kaka yako iko muzima, iko Zambia. Muntu iko muzima habamulilie. Utamuletea kifo." Ulijua hapo atanyamaza, kwa sababu kwetu nani anathubutu kumlilia mtu aliye hai? Basi akanyamaza miaka yote hiyo. Kila Mwaka Mpya alimwekea kaka yake ugali wa bukari na mboga ya sombe kwenye sahani, akaifunika. Na weye ndiye uliyeongoza sala: "Mungu, mulinde shemeji wangu kule Zambia." Ukasema amina, ukanawa, ukala. Ulikuwa unameza vipi, Papa? Hebu niambie, ulikuwa unameza vipi?

Nakuchukia. Na bado nikipiga pasi naanza na kola, kama ulivyonifundisha, na mkono wako nauona juu ya mkono wangu. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Nilitaka kuificha ile karte, lakini Mama alikuwa ameshauona uso wangu. Akaichukua, akaifuta kwa kitenge chake, akaitazama sana. Alisema tu, "Nadine, toa godoro inje."

Kisha akavua nguo nyeusi aliyokuwa akiivaa kwa ajili yako, na mwaka wa ujane ulikuwa haujaisha. Akaifua, akaianika. Ilipokauka akaivaa tena.

Watu wa komini waliporudi kuchukua hati, walikuta ua umejaa wanawake wameketi chini wakilia. Mmoja wao akashangaa: "Mama, kilio ya Koloneli haiyaisha bado?"

"Ya Koloneli imeisha," Mama akamjibu. "Hii ni ya kaka yangu."

Mimi nikaingia ndani, nikawaletea hati walizoziomba, na ile ripoti nikaiweka juu kabisa. Wakaisoma wamesimama. Jina la avenue hawakulitaja tena.

Kwaheri, Papa. Mwaka Mpya hatutafunika sahani.

Ni mimi,
mpwa wa Kabwe