Nimnunulie Dada Prosesa ya Seva au ya Kompyuta ya Mezani?

Mpendwa Shangazi Fusi,

Shikamoo, na pole kwa kubeba gazetini matatizo ya kitongoji chetu kizima cha Māngere kila wiki. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nimemwahidi mtu nitapita dukani kwake kuchukua kitu, na hicho kitu ndicho kinachoninyima raha, na nyumbani sina wa kumuuliza kwa sababu jambo lenyewe linamhusu dada yangu, na wewe unajua kwetu Watonga mambo ya dada yalivyo.

Mimi napakua mizigo uwanja wa ndege, na nikitoka kazini napenda kuunda kompyuta, nimeunda za binamu zangu wote na ile ya ofisi ya kanisa, na hata anayoitumia dada sasa niliiunda mimi zamani nikiwa bado najifunza, na inaonekana. Dada, nimwite Kalolaine ingawa si jina lake, ni mkubwa wangu. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha kuku mpaka vidole vikaanza kufa ganzi kwa baridi ya mle ndani, na huku nyuma, bila kumwambia mtu, akawa anajifundisha kutengeneza filamu za katuni kwenye kompyuta, zile ambazo mtu anaumbwa mzima kama mwanasesere na unaweza kumzunguka pande zote. Mwaka huu studio moja ya Wellington ikaona kipande chake kifupi, ikamwambia alete filamu iliyokamilika ifikapo mwisho wa Agosti, wakiipenda wanamwajiri, na asipoileta kwa wakati nafasi inakwenda kwa mwingine. Akaacha kazi ya kuku. Asipofika Agosti na filamu mkononi, Shangazi, anarudi kule kwenye baridi, na hili ndilo linaloniamsha kila alfajiri.

Sasa nikasema mimi kaka yake, kazi yangu ni kumwekea mashine ya maana. Nikaenda kwa Bwana Dharmesh, yule Mhindi wa Fiji mwenye duka Ōtāhuhu, anayeuza vipya na pia mitambo iliyotolewa maofisini. Nikamwambia nataka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa ajili ya filamu za katuni. Akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na kisanduku, akakifungua taratibu, na ndani mlikuwa na kitu kimelala kwenye sponji, kinajaza kiganja, kinang'aa upande mmoja, na upande wa pili kimejaa vidoa vya dhahabu visivyohesabika.

"Hii ya seva, zile mashine kubwa za maofisini," akasema. "Ina viini sitini na vinne."

"Acha utani, Bwana Dharmesh."

"Nikutanie una nini cha kutaniwa? Sitini na vinne. Kila kiini kinashika kazi yake, hakimsubiri mwenzake. Njoo huku nyuma uone."

Huku nyuma alikuwa na mashine nyingine yenye prosesa kama hiyo, feni zinavuma mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Akaiamuru itengeneze picha moja ya katuni. Kwenye kioo vikatokea vyumba vidogo vidogo, sitini na vinne, na vyote vikaanza kujaa rangi kwa wakati mmoja, hapa jicho, pale jani, kule kipande cha mawingu, hakuna kinachomngoja mwenzake, na kabla sijapumua vizuri picha nzima ilikuwa mbele yangu. Shangazi, mimi nimesimama katikati ya kwaya yetu siku ya mkutano mkuu, watu mia wanashika sauti nne mpaka madirisha yanatetemeka, nikadhani nimeshaona kila kitu cha kutetemesha moyo. Nilisimama pale nyuma ya duka mdomo wazi. Nilitaka kulia, sijui kwa nini. Mtu ameketi mahali akafikiria kitu kama hicho, akakichora, kikaingia kwenye kiganja changu, nami mbeba masanduku wa watalii nikaambiwa naweza kukipeleka nyumbani.

Halafu akanionyesha ile nyingine, mpya, ya kompyuta za kawaida za mezani. Ndogo kama biskuti. Viini kumi na sita tu. Bei zinakaribiana, maana ile kubwa imeshatumika ofisini kwa watu.

"Lakini usiidharau," akasema. "Kila kiini cha hii kina mbio karibu mara mbili ya kimoja cha ile kubwa. Sasa niambie, dada yako anakwama wapi?"

"Anatengeneza katuni."

"Hilo umeshaniambia. Nauliza, kwenye kuzitengeneza, anakwama wapi?"

Nikaanza kusoma maandishi ya kisanduku.

"Basi nenda kamuulize."

"Siwezi kuingia chumbani kwake. Wala siwezi kukaa naye nikatazama anachofanya."

"Nyinyi Watonga!" akacheka mpaka akashika meza. "Nguruwe mzima mnabeba begani, mlango wa dada unawashinda!"

Nilicheka naye kwa adabu tu, lakini yeye hajalelewa kwetu. Baba yangu hajawahi kukaa sebule moja na dada zake televisheni ikiwa inawaka, na mimi vilevile, dada akiingia mimi natoka, akiwa na la kusema linapitia kwa mama. Kwa hiyo nikamtuma mama. Mama akaingia, akakaa kidogo, akatoka.

"Anasema asante sana, Mungu akubariki."

"Na je, anataka ipi?"

"Nimemuuliza anataka rangi gani. Kasema yoyote."

Sasa nimebaki na ukuta. Chumba changu kimepakana na chake, na asubuhi nikiwa zamu ya jioni nasikia anavyofanya kazi: kipanya cha kompyuta kinabofya mara moja, kimya, halafu namsikia anasema polepole, "Njoo basi, njoo, njoo," kama mtu anayeita kuku, kimya tena, halafu anabofya. Hivyo hivyo asubuhi nzima. Nadhani anaimba kidogo kujichangamsha au anasali. Jumapili anaiacha kompyuta ikiwaka yenyewe inatengeneza picha za mwisho huku sisi wote tukiwa kanisani, tukirudi bado inavuma.

Moyo wangu uko kwenye ile kubwa. Kwetu dada humpelekei kinachotosha tu, watu watakucheka, unampelekea kinachozidi. Na kweli nikifumba macho naviona vile vyumba sitini na vinne vinajaa. Ila maneno ya Dharmesh yananichoma, na nikikosea sina uwezo wa kununua mara ya pili kabla ya Agosti. Niambie tu kwamba sijakosea, Shangazi, nikaichukue.

Mbeba Mizigo, Māngere

SHANGAZI FUSI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umekosea.

Pumua kwanza, maana hujanunua bado, na kijana anayeamka alfajiri kwa ajili ya vidole vya dada yake ni kijana aliyelelewa. Baba yako na mama yako wasikie hilo. Sasa tuliza kichwa nikuseme.

Jumanne nilivaa viatu vyangu vya kanisani nikapanda basi mpaka Ōtāhuhu kwa huyo Bwana Dharmesh wako. Nilikuwa nimeshajiandaa kukucheka. Nikamwambia, "Nionyeshe hicho kinachowachanganya vijana wangu." Akanikalisha kule nyuma, akaniletea chai, akawasha. Mwanangu, chai ilipoa. Nilitazama vile vyumba vikijaa rangi vyote kwa pamoja nikasahau nimekuja kwa ajili ya nani. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mimi mwanamke mzima, mjukuu wa watu waliovuka bahari kwa kutazama nyota, nimekaa juu ya kreti la plastiki nyuma ya duka nimepigwa na butwaa mbele ya kibati. Kwa hiyo usidhani nakukatalia kwa sababu sijaona. Nimeona, na hata leo nikiikumbuka nywele zinanisimama.

Lakini wewe ndiye uliyeduwaa. Dada yako hajaiona hiyo mashine, wala hajaiomba.

Hebu nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Kukiwa na msiba, watu sitini wakimenya taro, magimbi yetu, kwa pamoja, kazi inakwisha kabla maji hayajachemka, maana kila mmoja ana taro lake. Hiyo ndiyo kazi ya ile prosesa kubwa. Sasa tumwite matapule, msemaji wa chifu, atoe hotuba ya kupokea mikeka ya rambirambi. Utaita matapule sitini? Hotuba ni moja, neno linafuata neno, na la pili haliwezi kutoka kabla ya la kwanza. Hapo unatafuta mmoja tu mwenye ulimi mwepesi, na hao hamsini na tisa wengine watakaa wakitazama nguruwe akipoa. Nilimuuliza Bwana Dharmesh kama nimeelewa, akasema miaka yote anauza vitu hivi hajawahi kuvieleza vizuri namna hiyo. Nimeamua kumwamini.

Na sasa huo ukuta wako. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, na hukusoma ulichoandika. Dada yako haimbi, wala hasali. Anasogeza mkono wa mwanasesere wake, kisha anasubiri kompyuta imfuate, na inachelewa, naye anaibembeleza: njoo basi, njoo. Akishaiona anasogeza tena kidole, anasubiri tena. Hiyo ni hotuba, si taro. Umbo haliwezi kujua kiganja kiko wapi kabla bega halijajua liko wapi, ndivyo nilivyoelezwa, na kwa hiyo viini sitini na vinne vyenye mwendo wa taratibu vitamwacha akiita vilevile, pengine zaidi. Muda wa Agosti unakwisha hapo, mbofyo kwa mbofyo, asubuhi nzima, na wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta ukidhani anajichangamsha.

Zile picha za Jumapili ndizo taro. Hizo kweli zingefurahia ile kubwa, lakini zinatengenezwa nyumba ikiwa tupu, hakuna anayezisubiri akiwa ameshika kichwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimtume tena mama yako, nampenda lakini tumeona alikofika. Baba yako ana dada. Shangazi yako wa damu haombi ruhusa ya mtu kuingia chumba chochote katika nyumba ya kaka yake, hata baba yako mwenyewe humpisha njia. Mpigie leo. Mpelekee kitu kizuri cha kula, usiende mikono mitupu. Mwombe akae nyuma ya Kalolaine asubuhi moja tu, na asiulize rangi. Aulize, "Hapo unasubiri nini?" Akijibiwa kwamba anasubiri umbo limfuate mkono, Jumamosi uchukue ile ndogo kama biskuti, uifunge vizuri na feni isiyopiga kelele, uiweke mlangoni, uondoke. Akijibiwa tofauti, nitakula maneno yangu hapa hapa gazetini mbele ya Māngere nzima. Sidhani kama nitayala.

Picha za mwisho, hilo nimelimaliza. Bwana Dharmesh hufunga duka Jumamosi mchana mpaka Jumatatu, na ile mashine ya nyuma hukaa bure. Amekubali dada yako aitumie mwisho wa wiki wa mwisho kabla ya Agosti kwisha. Aliniuliza kama Watonga tunaruhusu mashine ifanye kazi Jumapili. Nikamwambia mashine haijabatizwa. Wewe utabeba faili kumpelekea na kurudisha, kazi ya kubeba unaijua.

Na acha habari ya watu kukucheka. Humpelekei mfalme kiazi kikuu, unamsaidia dada yako amalize kazi. Ukitaka kumpa kinachozidi, mpe hizo asubuhi zilizopotea.

Jambo la mwisho, na hili hukuniuliza. Mkikamilisha, kanisa litataka kuiona filamu kabla haijapelekwa Wellington, nitahakikisha. Heshima inakukataza kukaa karibu naye, haikukatazi kuingia ukumbini. Yeye ataketi mbele na wazee, wewe utasimama nyuma kabisa karibu na mlango, taa zitazimwa, na hakuna atakayeona uso wako. Ulizaliwa ukamkuta katika nyumba ile, umelala upande wa pili wa ukuta wake maisha yako yote, na hujawahi kuona hata kipande kimoja cha kilichomo kichwani mwake. Uliposhangaa siku ile ya dukani, kijana wangu, ulikuwa bado hujaona kitu.