Kwa Sista Joan, Uliyechimbiwa Makaburi Mawili

Mwaka mmoja umetimia sasa tangu ututoke, Joan, asubuhi ile ya baridi kali, katika nyumba yenu ya masista hapa Saint Paul, ughaibuni. Walituambia ulikuwa umemaliza sala, ukaomba chai, na chai ilipofika ulikuwa umekwenda.

Mwaka mzima hatukuandika neno. Familia nyingine huweka picha ya mtu wao na maneno mazuri mapema, majirani wasome. Sisi tulinyamaza, na wanaotujua wanajua kwa nini. Tuliona haya. Hata leo tunaona haya, ila dada yako Serah amesema aibu nayo ni kama maziwa, ukiifunika muda mrefu inaharibu chungu.

Ulikuwa mwalimu kabla hujawa sista. Ukiwa msichana mdogo kule Kimilili ulimfundisha Mama kuandika jina lake kwa kipande cha mkaa ukutani jikoni, na tangu siku ile Mama alikataa ukuta ule kupakwa udongo tena. Ulipoingia utawani ukapewa darasa la kwanza. Baadaye wakakufanya mwalimu mkuu, nawe ukaomba jambo moja tu, kwamba darasa la kwanza asubuhi ubaki nalo wewe.

Halafu shirika lenu likakuleta huku usome, na ulipomaliza ukabaki kufundisha watu wazima kusoma na kuzungumza Kiingereza, katika chumba cha chini ya kanisa. Ulikataa vitabu vyenye picha za watoto na puto. Ulisema mtu aliyelea watoto wanne asisomeshwe puto. Uliwasomesha kwa vibandiko vya chupa za dawa, kwa matangazo ya kituo cha basi, kwa barua ambazo watoto wao hupewa shuleni.

Siku moja Serah alikuja kukuchukua akakuta wanafunzi wameinamia karatasi zao, nawe umeinama kwenye hita, unageuza glavu zao moja moja kama mtu anayegeuza chapati. Akakuuliza ni kazi gani hiyo. Ukamwambia, "Wanakwenda kusubiri basi. Mtu akitoka hapa mikono ina joto, kesho atarudi."

Kwetu Richfield ulikuja Jumapili baada ya Misa, njugu mfukoni. Ulikula umesimama, ukaosha vyombo kabla mwenye nyumba hajageuka. Wajukuu wa Serah walikujibu kwa Kiingereza, na hukuwakemea. Uliendelea na Kiswahili chako taratibu, kama watu mnaoelewana kabisa, na mwisho wake mlikuwa mmeelewana.

Na kaka yetu Elkanah wa Roseville ulimpenda kwa kumchokoza. Ulimwita Bwana Mkubwa. Yeye ndiye mkubwa wetu, na tangu Baba afariki neno lake ndilo la mwisho.

Krismasi yako ya mwisho tulikuwa wote kwa Fiona, binti wa Serah. Ulikuwa umesimama mlangoni mwa jikoni, ukasema siku yako ikifika ungependa kulala huku, pamoja na masista wenzako. Elkanah akaweka sahani chini.

"Wewe ni binti wa Mzee Wanjala," akasema. "Kwetu hatuachi mtu kwenye friji hii wanayoiita nchi."

"Friji haiozeshi kitu, Bwana Mkubwa," ukamjibu.

Tukacheka mpaka Fiona akamwaga mchuzi. Ulikuwa na neno jingine la kuongeza. Serah aliona mdomo wako ukifunguka, lakini kicheko kilikuwa kikubwa, nawe ukaufunika kwa kiganja kama kawaida yako, ukacheka nasi. Kwetu neno zito husemwa watu wameketi, na mkubwa hukohoa kwanza. Lako ulilisema umesimama, unatafuna njugu. Tukaliweka pamoja na utani wa sikukuu, tukalisahau.

Ulipofariki, Elkanah hakumuuliza mtu. Alipiga simu Kimilili palepale, akaagiza kaburi lichimbwe kando ya kaburi la Mama. Tunakuomba usimhukumu. Unajua binti asiyeolewa kwetu huzikwa wapi: pembeni, nyuma ya nyumba, karibu na ua. Elkanah alikuwa amejiapia kwamba hilo halitakupata wewe. Alitaka kila anayepita njiani aone umelazwa mahali pa heshima. Vijana wakachimba mpaka jioni. Ndipo tukaenda kwa masista kuuliza habari za kukusafirisha.

Sista Susan, mkuu wa nyumba yenu, alitupokea kwa chai, macho yamemvimba. Akatueleza kwa upole kwamba mahali pako ulikwisha kupachagua mwenyewe, mwisho wa safu, ili watakaokutembelea wasipite juu ya wengine. Elkanah akageukia Kiswahili. Akasema hakuna mzungu wa kumfundisha yeye pa kumzika dada yake. Sista Susan akamuuliza Fiona mjomba wake amesema nini.

"Anashukuru kwa chai," Fiona akasema.

Sista Susan akamtazama Elkanah usoni, kisha akamwongezea chai.

Uamuzi wako ukabaki, lakini kule nyumbani kaburi lilikuwa wazi. Unajua mila, kaburi likishachimbwa haliachwi hivyo wala halifukiwi tupu. Wazee wakakata shina la mgomba, wakalilaza pale palipokuwa pako, wakafukia. Mgomba huzikwa kwa ajili ya mtu aliyezama mtoni, au aliyekwenda akapotea, ambaye mwili wake haukupatikana. Wewe hukupotea, Joan. Tulijua ulipo. Tulikufanya mtu aliyepotea kwa sababu hatukukusikiliza, na kijiji kizima kikaja kulia juu ya mgomba.

Siku ya mazishi yako huku, Elkanah aliendesha mpaka maegesho ya makaburi, akabaki garini na injini ikinguruma. Sisi wengine tulitupa udongo wetu harakaharaka, macho chini, tukaondoka kabla ya chakula walichopika masista. Elkanah hakutupa udongo. Na baada ya hapo hatukurudi tena. Watu walipotuuliza kaburi la Sista liko upande gani wakakusalimie, tuliwauliza habari za watoto.

Siku ya kumbukumbu yako ilipokaribia, Serah alishindwa kulala vizuri. Alikuwa akifikiria mambo mawili: kaburi lililolala mwaka mzima bila mtu wa kulitazama, na kaka ambaye akiikosa siku hii pia, huenda asije kabisa. Akampigia simu.

"Mimi nakwenda Jumamosi," akamwambia. "Usipokuja, Joan hatakuuliza. Nitakuuliza mimi."

Elkanah akasema barabara zina barafu. Serah akamjibu kwamba barabara hizohizo humfikisha dukani.

Tulikwenda, Serah na Fiona. Serah alikuwa na hofu kwamba hatutakupata chini ya theluji. Hatukuhitaji kutafuta. Kutoka upande wa kituo cha basi njia ilikuwa imekanyagwa, nyayo kubwa na ndogo, mpaka mwisho wa safu. Makaburi ya jirani zako yalikuwa yamefunikwa yote. Lako lilikuwa limefagiliwa mpaka jina linasomeka, na dada mmoja aliyevaa kofia ya sufu juu ya hijabu alikuwa bado anafagia pembeni.

"Shikamoo, mama," akamwambia Serah. "Wewe ni dada yake Sista. Macho yenu mamoja."

Sisi Wakenya salamu hiyo hutukamata hatujajiandaa, lakini Serah akaipokea. Yule dada ni Hamida, Mtanzania, mwanafunzi wako. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye ghala la Shakopee, hajalala. Akatueleza kwamba darasa lako lote wanakuja, kila mmoja kwa siku yake ya mapumziko. Pacifique wa Kongo huja na mkewe na thermos ya chai. Hamida mwenyewe alisema kabla hajakujua alikuwa anampa mtoto wake dawa kwa kukisia.

Kisha akatuhurumia. Akasema, "Poleni na safari. Mlikuwa Kenya muda wote huu?"

Fiona alifungua mdomo, pengine kututafsiria shukrani nyingine ya chai. Serah akamshika mkono.

"Hapana, mwanangu," Serah akasema. "Tulikuwa hapahapa."

Hamida aliegemeza fagio, akasogea, akatuachia nafasi iliyo karibu nawe. Serah amekutana na wema mwingi katika umri wake, lakini anasema ule wa kusogea kimya ulimwuma kuliko neno lolote.

Akamuuliza Hamida kama uliwahi kuwaambia kwa nini ulipachagua hapa. Hamida akacheka kidogo.

"Alituambia darasani. Wengi wetu hatuna vibali vya kutoka nchi hii tukarudi. Akasema, 'Nikizikwa kwetu, ninyi mtakuja na basi gani?'"

Serah akaziba mdomo kwa kiganja, kama wewe. Hilo ndilo neno ulilotaka kuongeza siku ya Krismasi, tukalizima kwa kicheko.

Nyuma yetu mlango wa gari ukafungwa. Hatukuwa tumelisikia likifika, na hatujui alikaa humo muda gani. Elkanah alikuja kwa njia ya wanafunzi wako, polepole, kichwa wazi, mikono mitupu. Hakutusalimia. Akapiga magoti kwa shida, akaanza kuukwaruza udongo kwa kucha apate hata konzi moja ya kukutupia. Ulikuwa umeganda kwa baridi, mgumu kama jiwe. Akaendelea tu, mpaka vidole vikabadilika rangi.

Hamida akavua glavu zake, zingali na joto la mikono yake, akachuchumaa karibu naye.

"Vaa kwanza, mzee. Sista alikuwa hataki mtu akae na mikono ya baridi."

Akamvisha mwenyewe, kama anavyovishwa mtoto. Zilikuwa ndogo, zikaishia katikati ya kiganja. Bwana Mkubwa akatulia amepiga magoti, glavu za mwanamke mkononi, akasema nawe.

"Joan. Tulichimba bila kukuuliza."



Tunaokukumbuka ni kaka yako Elkanah Wanjala, dada yako Serah, mpwa wako Fiona na watoto wake, na ndugu wote wa Kimilili waliokulilia mahali usipokuwapo. Masista wenzako na Sista Susan tunawaomba radhi hadharani. Hamida, Pacifique na darasa lote, asanteni kwa kuikanyaga njia ambayo ilikuwa yetu kuikanyaga.

Theluji ikiyeyuka na udongo ukilegea, Elkanah atakuja kuutupa ule wake. Wewe umo mioyoni mwetu siku zote, Joan, hapohapo ulipochagua. Tutakuja kwa basi.