Uso Niliouona Kizani

Unguja mjini, Jumapili alasiri, Februari 1970. Joto. Hata pazia halitikisiki.

La, si maji. Jana niliandika hapa kwamba maji ya mfereji ndiyo yaliyoziharibu picha zetu, nikayatukana ukurasa mzima. Leo nayaomba radhi.

Ni mimi.

Naanza na Bibi, kwa sababu picha zilikuwa zake. Bibi yangu, aliyenilea tangu sijaota meno, yuko Makunduchi ndani ya eda. Babu alifariki wiki chache kabla ya harusi yangu, na Bibi mwenyewe ndiye aliyekataa tuiahirishe. Lakini mwenye eda hatoki kwenda harusini. Hakuniona nikipambwa, hina yangu hakuiona. Alimtuma mjomba neno moja tu: "Mwambieni asiniletee picha za kijivu kama za pasi ya safari. Nataka kuiona hina."

Na mume wangu, nuru ya macho yangu, karani wa bandarini mwenye vidole vya wino! Hakusema haiwezekani. Alimwomba baharia mmoja rafiki yake amletee filamu ya rangi, ile ya slaidi, inayotoa picha ndogo ndogo za kutazamwa kwenye mwanga, pamoja na pakiti ya dawa za kuisafishia. Hapa mjini hatukumpata anayesafisha filamu hizo. Akasema tutasafisha wenyewe. Filamu moja, pakiti moja ya dawa. Hakuna kurudia.

Siku zote saba za fungate alinipiga picha. Nikila halua, nikicheka, nimejifunika uso kwa haya, nimenyoosha mikono hina ionekane. Sikujua kama mtu anaweza kutazamwa vile na asiyeyuke.

Ijumaa aliporudi msikitini tukaanza. Kwanza filamu hutolewa ndani ya kibweta chake na kuzungushwa kwenye gurudumu dogo, kisha hufungiwa kwenye kopo. Yote hayo hufanywa katika kiza kitupu, kwani tone la mwanga huiunguza. Tulijifungia chumba cha ndani, kisicho na dirisha, tukaziba nyufa za mlango kwa kanga zangu nne. Yeye akafumba macho, maana anasema vidole huona vizuri zaidi macho yakifumbwa. Mimi nikakaa karibu yake, nimejaa furaha.

Baada ya hapo tukatoka kwenda ukumbini na zikaja dawa, kopo baada ya kopo. Ya kwanza inataka joto lake maalumu, wala haisamehe, na maji yetu msimu huu yanatoka bombani kama ya kuogea mzazi. Tulinunua barafu kwa wauza samaki. Mimi nimeshika kipimajoto kama nesi, yeye anahesabu dakika kwa sauti, jasho linamdondoka puani, nyumba nzima inanuka siki na mayai mabovu.

Mama mkwe akapaza sauti kutoka chini. "Nyie huko juu, mwapika nini?"

"Picha, mama!"

"Basi mkishashiba mniteremshie masufuria yangu!"

Tulipoifungua filamu, sikuelewa nilichokiona. Ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya achari, tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, kama iliyomwagiwa moto. Uso wangu hakuna. Mikono hakuna. Halua hakuna. Picha moja tu imetoka safi, tena safi mno, ya mama mkwe kasimama ngazini, kidole juu, anamgombeza muuza mkaa. Alipoonyeshwa dirishani alicheka mpaka akakaa chini. "Aa! Bibi harusi wangu katokomea, nlotoka mimi!"

Mimi sikucheka. Nilimlaumu baharia, nikalaumu barafu ya samaki, jana nikayalaumu maji. Mume wangu alijilaumu mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Siku mbili amezunguka kimya kama mtu aliyepoteza amana.

Leo baada ya chakula akaingia tena chumba cha ndani, akaziba mlango, akakaa humo kutafuta tundu la mwanga. Nikamsikia akisema peke yake: "Mbona siuoni hata mkono wangu?"

Nikaganda na sahani mkononi.

Kwa sababu Ijumaa mimi niliuona uso wake.

Niliuona! Paji la uso, kope zilizofumbwa, ule mdomo anaouuma akishughulika. Hafifu, wekundu wekundu. Nikajiambia, haya ndiyo mapenzi, humwona mwenzio hata kizani. Mjinga mimi. Ilikuwa chetezo. Asubuhi ile nilikuwa nimefukiza kanzu yake ya msikitini, kisha aliporudi nikachochea makaa, nikatia udi mwingine na kukiweka chetezo nyuma ya sanduku la chumba kile cha ndani, ili mume wangu afanye kazi yake ndani ya harufu nzuri. Makaa yanawaka, mimi namtazama yeye, filamu inapita mikononi mwake inaungua.

Nimemwambia. Pale pale mlangoni, sahani bado mkononi.  Akaenda kuosha makopo ambayo yalikwishaoshwa.  Kisha, bila ya kugeuka:

"Kwa hiyo muda wote ule ulikuwa unanitazama mimi?"

"Naam."

Akaendelea kuosha. Hajacheka. Lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Nina hasira bado. Sikasiriki kwa ajili yake, wala ya dawa. Nakasirika kwamba siku zile saba hazipo tena popote isipokuwa kichwani mwangu, na Bibi hawezi kuingia humo.

Nimeinyoosha mikono dirishani. Viganja vimeanza kupauka, kucha bado zimekoza. Hina haingoji filamu nyingine.

Basi, Bibi, kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Makunduchi, mimi na yeye. Nitavaa nguo ile ile ya harusi ndani ya buibui. Nitakuletea mikono yenyewe, uigeuze utakavyo. Na habari ya chetezo nitakupa mwenyewe, usije ukaisikia kwa mama mkwe, kwani ni wewe uliyeniusia nisimwache mume wangu akae katika chumba kisichonukia.